Hospisi au eutanasia: ulinganisho kwa familia yenye mgonjwa asiyetarajiwa kupona

Mimi ni mkalimani huku Ontario, Kanada. Nakaa katikati ya daktari na mgonjwa anayezungumza Kiswahili, mara nyingi Mkongomani wa Kivu, mara mojamoja mtu wa kwetu Mombasa. Kazi yangu ni kila upande usikie kilichosemwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Siku moja nesi alifika kwa mzee mmoja mwenye saratani ya ini. Akaeleza kwamba kuanzia wiki ile mzee atahudumiwa nyumbani na timu ya tiba shufaa, atapewa mofini ya maji (dawa ya maumivu makali), na hatakokotwa tena kwenda hospitalini kutundikiwa dripu. Nilipomaliza kutafsiri, binti mkubwa akasimama mlangoni. "Munataka kuua papa yetu?" Alikuwa amesikia kwenye WhatsApp kwamba Kanada wazee wanadungwa sindano wafe, na kwake chupa ile ya mofini na sindano ile vilikuwa kitu kimoja. Zikapita siku nne za kubishana, na siku zote nne mzee alilalia ubavu mmoja akisaga meno.

Kwa hiyo nalinganisha njia hizi mbili hapa, polepole, kama ambavyo ningependa kuwaeleza wale kama ningeruhusiwa kusema kwa kinywa changu. Aliye Kanada, Ubelgiji au Uholanzi anaweza kweli kuulizwa achague. Aliye Nairobi au Tanga hana uchaguzi huo kisheria, lakini hofu ya eutanasia inamfikia vilevile: ndiyo inayomfanya amnyime mama yake dawa ya maumivu.

Kwanza tutenganishe majina

Hospisi si lazima iwe jengo. Ni huduma ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona: kutuliza maumivu, kuzuia kichefuchefu, kusafisha vidonda, kuzungumza naye na watu wake. Tanzania wanaiita tiba shufaa, ingawa tiba shufaa ni pana kuliko hospisi na inaweza kuanza siku ileile ugonjwa unapogunduliwa, huku matibabu mengine yakiendelea. Hospisi hailengi kuharakisha kifo wala kukichelewesha.

Eutanasia ni daktari kumpa mgonjwa, kwa ombi la mgonjwa mwenyewe, dawa ya kumaliza uhai wake. Wengine husema kifo cha huruma. Mimi neno hilo silitumii kazini, kwa sababu linamaliza mjadala kabla haujaanza: nani atakataa huruma? Ipo na sura nyingine, ambapo daktari anaandika dawa na mgonjwa anaimeza kwa mkono wake. Oregon, jimbo la Marekani, na Uswisi wanaruhusu sura hii ya pili peke yake. Kanada inaruhusu zote mbili chini ya jina moja, MAID, yaani msaada wa kitabibu wa kufa, ila karibu wote huchagua sindano.

Katikati kuna mambo mawili yanayochanganywa na eutanasia. La kwanza ni kukataa matibabu, au kuzima mashine ya kupumulia isiyosaidia tena. Mgonjwa hapo anakufa kwa ugonjwa wake, na nchi nyingi zinaruhusu. La pili ni kulazwa usingizi mzito siku za mwisho, pale dalili zimeshindikana kwa njia nyingine zote. Lengo ni asihisi, na dawa hupimwa kwa kiasi cha kutosha kumtuliza. Vipimo vya eutanasia ni vya kuua. Ukiwa na shaka, muulize daktari moja kwa moja: dawa hii lengo lake nini? Mwenye nia safi hatababaika kujibu.

Kipi kinapatikana wapi

Hospisi ya kisasa ilianzia London mwaka 1967, Cicely Saunders alipofungua St Christopher's. Saunders alikuwa nesi kabla ya kuwa daktari, na mchango wake mkubwa ulikuwa kusema kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nne: mwili, akili, jamaa na roho. Nairobi Hospice ilifunguliwa mwaka 1990, jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuruhusu manesi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Mombasa ipo Coast Hospice. Dar es Salaam wagonjwa wa saratani wanaijua Ocean Road.

Eutanasia haina hata nchi moja ya Afrika Mashariki inayoiruhusu. Sheria ya adhabu ya Kenya, kifungu cha 225, na ile ya Tanzania, kifungu cha 216, zinampa kifungo cha hadi maisha anayemsaidia mwingine kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kunapingana na Katiba, na wapo waliodhani mlango wa eutanasia umefunguliwa. Haukufunguliwa. Uamuzi ule ulimhusu aliyejaribu, haukumhusu msaidizi.

Uholanzi na Ubelgiji sheria zao zilianza kazi mwaka 2002, Kanada mwaka 2016, Uhispania na New Zealand mwaka 2021. Uholanzi mwaka 2023 watu 9,068 walikufa hivyo, asilimia 5.4 ya vifo vyote. Kanada mwaka huohuo walikuwa 15,343, asilimia 4.7. Ukiishi nchi hizi usishangae jirani akikwambia shangazi yake amepanga kufa Alhamisi.

Siku za hospisi zinavyokuwa

Nitakaa hapa kidogo, maana sindano haihitaji maelezo mengi.

Mofini ya maji hutengenezwa kwa unga wa mofini, maji, dawa ya kuzuia isiharibike na rangi ili mtu asikosee nguvu yake. Uganda ile ya nguvu ndogo ni ya kijani. Mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne kwa saa, hangoji aumwe, na dozi ya kulalia inakuwa maradufu ili asiamshwe usiku. Maumivu yakipenya katikati, kuna dozi ya nyongeza. Familia nyingi hungoja mgonjwa alie ndipo wampe, wakidhani wanamhifadhi. Hapo ndipo dawa huonekana haifanyi kazi.

Atasinzia siku mbili tatu za mwanzo, kisha macho yatafunguka. Atapata choo kigumu, hilo ni hakika, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na mofini. Kampala walipokosa dawa hizo walitumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Kidonda cha saratani kilichooza, kile kinachofanya wajukuu wasiingie chumbani, hunyunyiziwa metronidazo iliyosagwa, na harufu hupungua ndani ya siku chache. Ukiniuliza ni dawa gani iliyorudisha watu wengi zaidi kando ya kitanda cha mgonjwa, nitakutajia hiyo kabla ya mofini.

Je, mofini inaua? Ikianza kwa kiasi kidogo na kupandishwa kwa hatua, haiharakishi kifo. Watu huona hivi: amepewa mofini, kesho yake akafa. Wanasahau kwamba alipewa kwa kuwa alikuwa amefika ukingoni. Utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2010, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulikuta waliopata tiba shufaa mapema waliishi wastani wa miezi 11.6, na wasiopata miezi 8.9.

Kasoro ya hospisi nyumbani ni moja na ni nzito: anayeuguza ni wewe. Nesi anakuja, anakaa kidogo, anaondoka. Saa tisa za usiku ni wewe na bomba la dawa, ni wewe wa kumgeuza asipate vidonda vya kulala, ni wewe na shuka. Huku ughaibuni, ambako kila mtu ana zamu kazini na mama mkubwa yuko Bukavu, jambo hilo limevunja familia nzuri. Uliza mapema kama kuna kituo cha hospisi chenye vitanda, maana foleni ipo.

Siku ya eutanasia inavyokuwa

Kanada mgonjwa anaandika ombi na kulitia saini mbele ya shahidi asiye na maslahi. Madaktari au manesi wabobezi wawili, kila mmoja peke yake, wanampima kama anastahili: ana miaka 18 au zaidi, ugonjwa mzito usiotibika, mateso asiyoyavumilia, akili timamu, na hakushinikizwa. Kama kifo chake hakiko karibu, tathmini inachukua siku zisizopungua 90. Ubelgiji, katika hali kama hiyo, lazima mwezi mmoja upite. Siku yenyewe kwa kawaida anaulizwa tena kama bado anataka, na anaweza kusema hapana hata sindano ikiwa tayari. Akikubali, ni usingizi, na baada ya dakika chache amekwisha.

Zingatia tofauti hii, maana familia nyingi hazijui: eutanasia lazima aombe mgonjwa mwenyewe, kwa kinywa chake. Mke hawezi kuomba, mtoto hawezi, hata aliyepewa mamlaka ya kumwamulia matibabu hawezi. Hospisi familia inaweza kuiamua pale mgonjwa ameshapoteza fahamu. Kwa hiyo yule binti mlangoni alikuwa akiogopa jambo ambalo lisingewezekana: papa yake hakuwa ameomba, na asiyeomba hafanyiwi.

Maumivu, na yale yasiyo maumivu

Watu huzilinganisha njia hizi kwa kipimo kimoja: ipi haina maumivu. Ukitumia kipimo hicho, hospisi nzuri inajibu karibu kila kitu na hakuna haja ya kuendelea kusoma.

Sasa tazama Oregon, ambako sheria ilianza kazi mwaka 1997 na takwimu hutolewa kila mwaka. Karibu watu tisa kati ya kila kumi waliokunywa dawa ile walikuwa tayari wameandikishwa hospisi. Walikuwa na mofini. Walikuwa na nesi. Walipoulizwa sababu, wengi walitaja kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya mambo yaliyowapa raha ya maisha, kupoteza heshima yao. Maumivu, au hofu ya maumivu, yalitajwa na chini ya theluthi moja. Na takriban theluthi ya waliopewa dawa hawakuinywa kabisa. Wengine walikaa nayo kabatini, wakafa na ugonjwa wao.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa anayesema "nataka kufa" ni: kitu gani hasa kimekushinda? Akisema mgongo, kifua, kukosa usingizi, kutapika, hayo yana dawa, na kukimbilia eutanasia kabla ya kuzijaribu ni haraka isiyo na maana. Akisema amechoshwa na kuvishwa nepi na mkwewe, mofini haitamjibu. Hapo hospisi ina nesi wa kiume badala ya mkwe, ina mtu wa kuongea naye, ina kiti cha choo cha kuweka karibu na kitanda. Kwa wengine inatosha. Kwa wengine haitoshi, na itakuwa uongo nikisema hospisi inafuta kila ombi la kufa.

Na akisema "sitaki kuwa mzigo", nyamaza umsikilize hadi mwisho. Kwetu maneno hayo mara nyingi ni ombi la kuambiwa, "Baba, wewe si mzigo." Nimemsikia bibi mmoja akiyasema, na mwanawe akayatafsiri yeye mwenyewe kwa daktari kabla sijafungua mdomo, kana kwamba ni uamuzi. Nilipopata nafasi ya kuuliza kwa Kiswahili, bibi akasema, "Nilitaka nione atasema nini." Sikulala vizuri usiku ule. Huzuni ya ugonjwa nayo inatibika, na inafanana sana na uamuzi uliofikiriwa. Mgonjwa akitaja kifo, daktari aambiwe siku hiyohiyo, apimwe na hilo pia.

Tarehe

Hili ndilo eneo ambalo eutanasia inashinda wazi. Ina tarehe. Ndugu aliye Nairobi anajua lini apande ndege, padri au rafiki wa utotoni anajua lini aje, wosia unasainiwa akili ikiwa timamu. Hospisi haina tarehe. Nesi atasema "wiki chache", zitageuka siku mbili au miezi mitano. Nimeona watu wakija kwa ajili ya kuaga, likizo ikaisha, wakarudi kazini, na mzee akafa wakiwa juu angani. Nimeona pia tarehe ilivyo nzito: nyumba nzima ikitazama saa ya ukutani, mjukuu akiuliza kama babu atakula chakula cha jioni.

Kuna kinachopatikana kwenye muda usio na tarehe, nacho ni radhi. Kwetu hatuagani kwa hotuba. Mtu anaombwa radhi kidogo kidogo, leo deni, kesho lile neno la mwaka 1998, keshokutwa anamtaja mtoto wa nje ambaye hakuna aliyemjua. Mambo haya hayapangiki.

Dini

Uislamu na Kanisa Katoliki vyote vinakataza eutanasia, hili halina mjadala mrefu. Lakini waumini wengi hawajui upande wa pili wa mafundisho hayohayo. Papa Pius XII alisema mwaka 1957 kwamba dawa za maumivu ni halali hata kama zitapunguza fahamu, au uhai, ikiwa lengo ni maumivu na hakuna njia nyingine. Mwaka 1986 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, wakikutana Amman, waliruhusu kuondoa mashine kwa aliyethibitishwa kwamba ubongo wake umekufa kabisa. Dini yako haikudai ufe ukiwa na mirija mitano. Anayekataa mofini kwa kuwa mateso ni kafara, ni haki yake, mradi awe amekataa mwenyewe, asikataliwe na shemeji.

Pesa

Kanada MAID inalipwa na serikali. Nesi wa nyumbani naye analipwa, lakini saa anazopewa mara nyingi hazitoshi, na vituo vya hospisi vinategemea michango kwa sehemu ya gharama zao. Kwa hiyo njia ya kufa haraka haikugharimu kitu, na njia ya kukaa inaweza kukulazimu uache kazi. Wanaoipinga sheria wanaisema sana hoja hii, na katika hili naona wana haki. Ontario, kwa waliouliza kuhusu bima ya maisha, sheria inasema MAID haiathiri malipo. Marekani hospisi inalipwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, kwa anayekadiriwa miezi sita au pungufu, lakini inabidi aache matibabu ya kuponya ugonjwa huo.

Nyumbani hesabu ni nyingine. Mofini yenyewe ni rahisi. Kinachofilisi watu ni kile ambacho familia hufanya badala ya hospisi: kuuza kiwanja ili mgonjwa ambaye saratani yake imesambaa apelekwe India, au wiki tatu za chumba cha mahututi, halafu mwili unazuiliwa kwa deni. Na mofini, pamoja na urahisi wake, haifiki. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet ilikuta mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Kubishana kuhusu eutanasia Tanga, kabla mofini haijafika kila wilaya, kunanikumbusha mtu anayechagua mapazia ya nyumba isiyo na paa.

Ukiwa unaamua wiki hii

Anza na hospisi, hata kama mgonjwa ameshaomba eutanasia. Sisemi hivyo kwa sababu ya dini yangu. Hospisi inaweza kuachwa kesho, na kuwa ndani yake hakumzuii kuomba MAID. Ile nyingine hairudishwi.

Kama maumivu yamedhibitiwa, huzuni imepimwa, nyumba ina msaada, na bado mgonjwa mwenyewe, akiwa peke yake na daktari, anarudia ombi lilelile kwa wiki kadhaa, basi hilo ni neno lake, si maumivu yanayozungumza. Familia inaweza isikubali. Inaweza kukataa kuwepo chumbani. Haina haki ya kuyageuza maneno yake njiani.

Mkichagua afie nyumbani, ulizeni mapema namba ya nesi wa zamu na mwibandike kwenye friji. Akikata roho mpigieni huyo. Mkipiga 911, namba ya dharura, watakuja watu wa gari la wagonjwa na wanaweza kuanza kumfufua mzee wenu sakafuni, msipokuwa na ile fomu iliyosainiwa inayowazuia.

Na kikao cha kuzungumzia haya kisitafsiriwe na mtoto wa miaka 14 kwa sababu tu Kiingereza chake ni kizuri. Ombeni mkalimani siku ile mnapopewa miadi. Hospitali nyingi zinaye kwa simu. Mtaje Kiswahili cha wapi, cha Goma au cha pwani. Yule binti wa mlangoni aliniambia baadaye kwamba siku ile nilisema "tiba shufaa", na yeye hakuwahi kulisikia neno hilo maishani mwake. Tangu hapo nasema kwanza "dawa ya kuondoa maumivu, haiui", ndipo nataja jina.